Saa Moja ya Kigoma

Kila asubuhi kabla ya shule, Sumaya alipeleka chupa ya chai ufukweni, mahali ambapo Assani, baba yake aliyemwita papa, alikuwa akisimamia upakiaji wa boti yake ya mbao. Boti hiyo ilivusha mafuta ya mawese na abiria kutoka Baraka, upande wa Kongo, hadi Kigoma, ng'ambo ya ziwa, upande wa Tanzania. Sumaya alikuwa na miaka kumi na mitatu, na niseme mapema: msichana huyu alijiona. Ukimuuliza jina, alikutajia jina lake na boti ya papa yake kwa pumzi moja.

Mwaka huo shule yao ilishinda shindano la redio kuhusu usafi wa ziwa. Waliojibu maswali walikuwa wawili: Sumaya na Umwiza, msichana wa Minembwe, huko juu milimani, aliyekuwa akikaa Baraka kwa shangazi yake. Zawadi ilikuwa kucheza siku nzima, Jumamosi, kwenye bustani kubwa ya michezo jijini Dar es Salaam, pamoja na watoto wa nchi zote nne zinazozunguka Ziwa Tanganyika. Waliambiwa kuna gurudumu linalokupandisha juu kuliko mnara wa simu, na mabomba ya maji ya kutelezea. Waandaaji walituma fedha za safari na za michezo pamoja na barua fupi: njia mtafute wenyewe, na fedha zikipungua hatuongezi.

"Safari ni yenu, kwa hiyo mipango ni yenu," Mwalimu Placide aliwaambia. "Mimi nitawasindikiza."

Umwiza alitaka wapande ndege Bujumbura. Wangefuata barabara ya Mboko na Uvira, wavuke mpaka, wamefika. "Kule miguu yangu inakanyaga udongo mpaka kwenye mulango wa ndege," alisema. Hakuwahi kupanda boti maishani mwake, na maji mengi yalimtisha.

Sumaya alitaka uwanja wa Kigoma. Ndege ya Kigoma kwenda Dar haivuki mpaka wowote, kwa hiyo tiketi yake ni nafuu. Wakipitia Bujumbura, nauli ingemeza karibu fedha zote, nao wangefika bustanini kutazama wenzao wakicheza. Hapo Sumaya alikuwa na haki kabisa, na Umwiza alikubali.

"Utanishika mukono ndani ya boti?" aliuliza.

"Nitakushika mpaka uchoke," Sumaya alijibu.

Sumaya akaandika mpango. Boti ya papa ingeondoka Alhamisi saa kumi na mbili asubuhi, maana boti haziruhusiwi kuondoka kukiwa giza. Ziwani ni mwendo wa saa nane, kwa hiyo wangefika Kigoma saa nane mchana. Nusu saa kwenye ofisi ya uhamiaji, robo saa ndani ya teksi. Uwanjani, dirisha la kupokea abiria lingefungwa saa tisa na nusu, na ndege ingeruka saa kumi. "Hatulali Kigoma hata usiku mmoja," alijisifu. "Pesa ya kulala tunaichezea!" Mwalimu Placide alikuwa mtu wa Bukavu, ziwa hili hakulijua. Alimwamini mtoto wa boti, akanunua kwa simu tiketi tatu za bei ya chini kabisa. Tiketi hizo ukichelewa zimekufa, hubadilishiwi wala hurudishiwi.

Jumatatu asubuhi, Sumaya alipofika ufukweni na chai, papa yake alikuwa akipiga kelele kwenye simu. Aliyempigia ni Hawa, mama mfanyabiashara wa Kigoma aliyekuwa akinunua mawese yake.

"Hawa, usinisumbue! Saa mbili gani? Huku kwetu ni saa moja! Nyie wa Tanzania mko mbele yetu saa nzima, kila siku nakuambia!"

Papa alicheka, akakata simu, akanyoosha mkono kupokea chai. Sumaya alibaki amesimama na chupa mkononi. Alihesabu upya, mara mbili, mara tatu. Boti ikifika saa nane ya Baraka, Kigoma ni saa tisa. Ukiongeza uhamiaji na teksi, wangefika uwanjani karibu saa kumi, dirisha limefungwa na ndege inawasha injini. Mpango wote ulikuwa umeandikwa kwa saa ya Baraka.

"We mutoto, unaniletea chai ao unaiangalia?" papa aliuliza.

"Samahani, papa."

Hapo ndipo alipaswa kusema. Papa alikuwa mbele yake, ana furaha, na safari ilikuwa na siku tatu mbele. Lakini Sumaya aliona aibu. Mtoto wa boti ashindwe na saa ya Kigoma? Darasa zima lingemcheka mpaka mwisho wa mwaka. Akajidanganya kwamba labda upepo utakuwa mzuri, labda injini zitakimbia, labda ndege itachelewa. Jumatatu ikapita hivyohivyo.

Jumanne, Mwalimu Placide aliandika mpango ubaoni na darasa likapiga makofi. Umwiza peke yake hakupiga. Aliuangalia ubao kwa makini, kisha akainua mkono.

"Sumaya, hii saa nane ni ya huku ao ya Kigoma? Shangazi anasema kule wako mbele."

Sumaya alisikia masikio yakimwaka moto.

"Ya Kigoma," alisema. "Mi mutoto wa boti! Unafikiri sijue?"

Wenzake wakacheka, wakamtania Umwiza kwamba ng'ombe wa Minembwe hawajui boti. Umwiza akakaa chini na kuinamisha kichwa. Jamani, uongo wenyewe ulikuwa maneno mawili tu, lakini Sumaya hakuelewa tena somo lolote mpaka kengele ya kutoka.

Saa saba mchana, nje ya shule, alisimama mwanaume mrefu mwenye fimbo na viatu vilivyoganda matope. Alikuwa Ntagwabira, baba yake Umwiza. Bila ruhusa ya mzazi iliyotiwa sahihi mbele ya ofisa, mtoto havuki mpaka. Kwa ajili ya sahihi hiyo moja alikuwa ametembea na kupanda pikipiki siku tatu kutoka Minembwe, akizunguka mbali kuepuka njia mbaya. Alimsalimu mwalimu kwa mikono miwili, kisha akamgeukia Sumaya.

"Ni wewe mutoto wa boti?"

"Ndiyo, papa."

"Mimi najua ng'ombe. Maji siyajui, na nayaogopa kuliko huyu mutoto wangu. Lakini ameniambia wewe unajua, na mwalimu pia amesema hivyo. Basi nakupatia. Uniangalilie mutoto."

Sumaya alifungua kinywa kusema ndiyo, yakatoka machozi.

"Nimekosea saa!" alilia. "Tutaachwa na ndege. Saa nane ni ya huku, Kigoma itakuwa tisa. Nimejua tangu jana. Umwiza ameniuliza leo na nimemudanganya mbele ya bote!"

Umwiza alimkodolea macho. Mwalimu Placide alitoa karatasi ya mpango mfukoni, akaisoma midomo ikimchezacheza, kisha akaikunja polepole.

"Tangu jana," alisema. "Na mimi sikuuliza, hilo ni kosa langu. Kulia tutalia baadaye. Papa yako iko wapi?"

Walimkuta Assani ufukweni. Alisikiliza mpaka mwisho, uso umemkaza. Sumaya aliogopa kofi, lakini kofi halikuja.

"Boti yangu haiwezi kuondoka kesho," alisema. "Injini moja imefunguliwa na mawese hayajafika. Lakini boti ya Willy inaondoka Mboko kesho asubuhi kwenda Kigoma. Mukilala kwa Hawa, Alhamisi mutaingia ndani ya ndege bila kukimbia." Alikuwa tayari anabonyeza simu. Ikaita mpaka ikakata. Akapiga tena. "Huko Mboko mtandao unacheza. Ofisa wa bandari anafunga orodha ya abiria saa kumi na moja leo. Jina lisipokuwa ndani ya orodha, mtu hapandi. Sasa ni saa nane. Kwanza sahihi, halafu barabara."

Kwenye ofisi ya uhamiaji walikuta foleni. Ntagwabira alisimama na fimbo yake, Umwiza akigeuzageuza karatasi mikononi, mwalimu akiangalia saa kila dakika. Sahihi ilipogongwa muhuri, ilikuwa saa tisa imepita. Assani alikodi pikipiki tatu. Yeye na Sumaya walipanda ya kwanza, Ntagwabira na Umwiza ya pili, mwalimu ya tatu na mizigo waliyoikusanya haraka.

Mvua ya asubuhi ilikuwa imeiharibu barabara. Kwenye mto mmoja lori lilikuwa limekwama katikati ya daraja la mbao, na watu kumi na zaidi walikuwa wakilisukuma. Motari aliyembeba Sumaya alizima injini.

"Hapa ni kungoja," alisema.

"Hatungoji!" Assani aliruka chini. Ntagwabira alikuwa ameshavua viatu. Wanaume wakazisukuma pikipiki ndani ya maji yaliyofika magotini, wakazivusha moja moja. Umwiza alisimama ukingoni akiyatazama maji kwa hofu. Sumaya alimnyooshea mkono. Umwiza aliutazama mkono huo kidogo, kisha akavuka peke yake, akishikilia fimbo ya baba yake.

Hilo lilimuuma Sumaya kuliko kofi ambalo hakupigwa.

Walifika ufukwe wa Mboko ikiwa imebaki robo saa. Ofisa alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki, daftari juu ya mapaja, na Willy mwenye boti amesimama nyuma yake.

"Watu watatu wa Kigoma!" Assani aliita hata kabla pikipiki haijasimama.

Willy alitikisa kichwa. "Assani, ndugu yangu, nafasi ziko mbili."

"Willy, ni batoto ba shule."

"Hata kama ni batoto ba rais. Idadi imeandikwa, na hata kuku siongezi. Unakumbuka watu waliozama mwaka ule?" Alishusha sauti. "Mungenipigia jana, nilikuwa na nafasi saba."

Wote walimwangalia mwalimu. Mwalimu Placide aliwaangalia wasichana wawili, akapangusa jasho. Watoto hawakuruhusiwa kusafiri bila mtu mzima, kwa hiyo nafasi ya kwanza ilikuwa yake. Ya pili ilikuwa ya mtoto mmoja.

Sumaya alilitaka lile gurudumu. Nisiwadanganye, alilitaka kwa moyo wake wote, na usiku uliotangulia alikuwa ameliota. Ofisa alifungua kalamu.

"Majina?"

"Mwalimu Placide na Umwiza," Sumaya alisema. "Mimi nabaki."

Umwiza aligeuka. "Na mukono wangu nani ataushika?"

"Mwalimu. Ukae katikati ya boti, si pembeni. Ukisikia kichefuchefu, angalia milima, usiangalie maji. Injini ikinguruma sana usiogope, ndiyo kazi yake. Na unisamehe. Darasani ulisema kweli."

Umwiza alisogea, akamkumbatia kwa nguvu mpaka begi likamwanguka begani. Ofisa aliandika majina mawili, akafunga daftari.

Ntagwabira alibaki Mboko kumsindikiza binti yake. Sumaya na papa yake walirudi Baraka jioni hiyo.

Alhamisi mchana, Sumaya alikuwa ufukweni akimsaidia papa kuhesabu madumu ya mawese, ambayo kwa kuchelewa kufika yalikuwa yameizuia boti kuondoka asubuhi, simu ilipolia. Papa alimpa aipokee yeye.

"Tuko ndani ya uwanja!" ilikuwa sauti ya Umwiza. "Tumepita dirisha, tumepewa karatasi za kuingilia. Mwalimu anasema tumewahi mpaka tunachoka kungoja. Ndani ya boti nilitapika mara mbili, lakini nimeangalia milima! Sumaya, Jumamosi nitapanda mara mbili, moja ni yako."

"Panda tatu," Sumaya alisema, akacheka huku analia.

Alipokata simu, papa yake alikuwa amekaa juu ya dumu. Alimwonyesha dumu la pembeni, naye akakaa.

"Unafikiri saa ya Kigoma ndiyo imekunyima safari?" papa aliuliza.

"Ndiyo, papa."

"Hapana. Saa hiyo inatukosesha hata sisi wakubwa. Mwaka wangu wa kwanza ziwani nilikuta soko limefungwa kwa ajili yake. Kosa lile lilikuwa dogo. Jumatatu ungeniambia, ningekucheka kidogo, ningempigia Willy, na leo mungekuwa bote batatu kwenye ndege. Nafasi yako haikuliwa na kosa. Imeliwa na siku moja ya kunyamaza. Ukikosea, mwanangu, sema kungali mapema, wakati kosa bado linatengenezeka. Na ukifunika kwa uongo, unamubebesha mwenzako mzigo wako. Juzi Umwiza alichekwa kwa sababu yako."

Sumaya alifuta uso kwa kitambaa chake. "Darasa bado linafikiri alikosea."

"Sasa?"

"Kesho asubuhi nitawaambia. Mbele ya bote, kama nilivyodanganya."

Ijumaa aliingia darasani kabla ya kengele. Wenzake walishangaa kumwona. "We! Si uko Dar?" mmoja alipiga kelele. Sumaya alienda mpaka mbele, ambapo mpango wake ulikuwa bado haujafutwa. Aliwaambia yote, tangu simu ya Hawa hadi ufukwe wa Mboko. Wachache walicheka mwanzoni, kisha wakaacha. Alipomaliza alichukua kitambaa cha ubao, akafuta saa nane, akaandika saa tisa.