Mgeni wa Mlango wa Nyuma

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, msichana mmoja aliyebandikwa jina la Chiriku kwa wingi wa maneno yake alikunywa chai jikoni na mama yake huku redio ikinguruma. Mama yake alikuwa mkurugenzi mkuu wa shirika la ndege. Alianza kazi akiwa binti mdogo, akikata tiketi dirishani na kumeza matusi ya abiria waliochelewa. Akasoma masomo ya jioni, akapanda cheo hiki na kile, mpaka akakalia kiti cha juu kabisa. Redio ileile iliyomsifu siku alipoteuliwa ndiyo iliyokuwa ikimsema sasa.

"Ndege zimeegeshwa, abiria wanalala sakafuni," mtangazaji alisema. "Mkurugenzi anatuambia ni sababu za kiufundi. Sababu gani hizo zisizo na jina?"

Mama akaizima.

"Mama, ni sababu gani kweli?" Chiriku aliuliza.

"Za kiufundi, mwanangu. Kunywa chai, itapoa." Macho ya mama yalikuwa kwenye kikombe.

Chiriku alimjua mama yake. Akikwepa kukutazama, ujue ana jambo.

Shuleni mambo hayakuwa nafuu. Rafiki yake wa dawati moja, aliyeitwa Mapengo kwa sababu ya meno yake ya mbele, alimnong'oneza, "Eti mama yako anaua shirika makusudi ili aliuze kwa bei ya kutupa."

"Mwongo wewe!"

"Mimi sisemi. Watu ndio wanasema."

Neno hilo likamkaa Chiriku kama mchanga ndani ya kiatu. Aliporudi nyumbani mchana, alishangaa kukuta gari la mama limeshafika. Mara akaona mwanamume mwenye kofia na miwani myeusi akiingia kwa mlango wa nyuma, amekumbatia kitu kilichofungwa kwa kitambaa. Mama akampokea harakaharaka, wakajifungia chumba cha kazi. Chiriku alinyata, akatega sikio.

"Hakuna aliyekuona?" mama aliuliza.

"Hakuna. Waandishi wote wako kwenye geti la ofisi."

"Vizuri. Hili likivuja leo, tumekwisha."

Chiriku akajitoa mlangoni. Kumbe watu wanasema kweli? Hakumuuliza mama. Aliogopa jibu. Badala yake, kesho yake alimweleza Mapengo kila kitu: miwani, kitambaa, mlango wa nyuma.

"Usimwambie mtu!"

"Nife nikisema!" Mapengo akaapa. Lakini shangazi yake Mapengo alifanya kazi redioni, na ulimi hauna mfupa.

Asubuhi iliyofuata redio ikapasua habari: mgeni wa siri alionekana akimpelekea mkurugenzi kifurushi nyumbani, na wafanyakazi wa shirika walikuwa wanatishia kugoma. Simu ya mama ikaanza kulia mfululizo. Aliitazama, kisha akamgeukia Dada, msaidizi wao wa nyumbani, aliyekuwa akiosha vyombo.

"Dada, juzi mgeni alipokuja mlikuwa wewe na mtoto tu humu ndani. Umeongea na nani?"

"Mimi, mama?" Sahani ilimponyoka Dada, ikazama kwenye maji. "Nimemlea mtoto huyu tangu hajaota meno! Kama leo mimi ndiye mwizi wa maneno, basi nifunge virago vyangu."

Alijifuta macho kwa kiwiko, maana mikono ilikuwa na povu. Chiriku akauweka mkate chini. Angeweza kunyamaza, wala hakuna ambaye angejua.

"Ni mimi," alisema. "Nilimwambia Mapengo. Dada hajui lolote."

Mama akaiweka simu mezani. "Kwa nini hukuniuliza mimi?"

"Nilikuuliza, mama. Ulitazama kikombe."

Mama akachukua funguo za gari. Kisha akasema, "Vaa viatu. Leo utachelewa shule."

Walikwenda moja kwa moja kwenye karakana ya ndege, pale uwanjani. Yule mwenye miwani myeusi alikuwepo, amevaa ovaroli lenye madoa ya grisi. Alikuwa fundi mkuu.

"Samahani kwa miwani," alisema akicheka. "Macho yangu na jua hayapatani."

Akafungua kile kitambaa alichokuwa amekikumbatia juzi. Ndani mlikuwa na pini nene ya chuma. "Hii hushikilia mguu wa gurudumu. Pitisha ukucha hapa."

Chiriku akapitisha. Ukucha ukanasa kwenye ufa mwembamba kama unywele.

"Ndege ikitua na pini kama hii, mguu unaweza kukatika. Tumezikuta zenye nyufa kwenye ndege zaidi ya moja."

"Sasa mbona hamsemi?"

Mama akajibu polepole. "Mwenyekiti wa bodi alitaka tusubiri watengenezaji wathibitishe. Alihofia watu watazikimbia ndege zetu zote. Na mimi nikahofu pamoja naye."

Aliichukua ile pini, akaelekea ukumbi wa abiria. Walimzomea tangu mlangoni. "Mwizi! Tupe ndege zetu!" Mama akapanda juu ya mizani ya mizigo ili aonekane, akainua pini, akaeleza yote bila kupunguza. Kisha akaiacha ipite mkono kwa mkono.

Mzee mmoja alipapasa ule ufa. "Kwa hiyo nitakosa harusi ya mjukuu wangu?"

"Utaikosa, baba, na ninakuomba radhi. Lakini nataka uishi umwone na mtoto wake."

Mzee akaguna. "Ungesema tangu mwanzo, tusingekutukana."

Mwenyekiti alifoka sana siku ile. Lakini pini mpya zilifika, ndege zikaruka, na abiria hawakukimbia. Redio ilisahihisha habari yake kwa sauti ya chini na ya haraka. Mama alimwomba Dada msamaha mbele ya Chiriku. Dada akasamehe, ila akasema aliyemchafulia jina atamfulia mashuka.

Chiriku alipokuwa akiyaanika, mama alikuja kumshikia ncha ya pili ya shuka.

"Mwanangu, mimi nilinyamaza mbele ya watu waliostahili kuambiwa. Wewe ukasema kwa mtu asiyehusika. Ukweli ukifichwa, uvumi hukalia kiti chake. Ukiwa na shaka na mtu, mwendee yeye mwenyewe umuulize. Na ukiulizwa, jibu, hata kama jibu lenyewe linakutisha."