Dobi na Kijiti

Langoni mwa uwanja, Jumamosi asubuhi, watu walijaa tele: wazazi na chupa za maji, makocha na filimbi, wanamichezo wakiitana. Katika msukumano huo Dobi alikanyagwa mguu. Kuinua macho, akaona raba za njano, na mwenye raba, binti ambaye wote walimwita Raba, kajiziba mdomo.

"Samahani, kaka! Nimekuumiza?"

"Kidogo. Kanyaga na huu mwingine, usione wivu."

Akacheka, na Dobi akawa amekwisha. Yeye alikuwa mkunja mashuka wa hospitali. Maneno yakiwa mengi yalimpita, lakini hili halikumpita. Alipenda palepale.

Mazoezi ya uwanjani hapo yalikuwa ya watu wenye ulemavu wa akili, kama wao wawili. Mwezi haukuisha wakawa wapenzi, na kocha akawapanga timu moja, mbio za kupokezana vijiti: Dobi wa tatu, Raba amalizie. Mazoezini mambo yakaharibika. Kila akimfikia, Dobi haachii kijiti. Huyu anavuta, yule anavuta, na wenzao wanapita.

Jioni simu ya Dobi ikalia.

"Nimemwambia kocha anitafutie mtu mwingine," Raba alisema. "Nyumbani hawaniachii hata kisu cha vitunguu. Na wewe unaona siwezi?"

"Siyo hivyo, mpenzi..."

Simu ikakatwa. Dobi alilala na njaa.

"Kununa hakusaidii, mdogo wangu," dada yake alimwambia. "Siku ya mashindano, mwachie."

Siku ilifika, mtu mwingine hakupatikana. Dobi alikuja mbio, jasho likimwingia machoni. Raba akanyoosha mkono nyuma bila kumtazama. Dobi akaachia.

"Kimbia, mpenzi!"

Akabaki mikono mitupu, akiutazama mgongo wake ukienda. Iliuma sana.

Raba alimaliza wa pili, wala hakusimama. Aligeuka, akakatiza uwanja hadi kwa Dobi, kijiti mkononi.

"Sasa niambie. Kwa nini ulikuwa huachii?"

"Ukishakishika, unaondoka."

"Mjinga wangu. Si nimerudi?"

"Umerudi."

"Basi kesho uje nyumbani na dada yako, mseme na mama."

"Tumwambie nini?"

"Kwamba vitunguu nitakata kwako."

Mwamuzi akaja akihema, akidai kijiti. Dobi alimpa bila ubishi. Mkono wake mwingine ulikuwa umeshika wa Raba, na huo hakuuachia.