Kambare Watatu katika Bwawa la Kikundi

Kila asubuhi, kabla ya kwenda skuli, Yumna alipita bwawani kuwapa chakula perege. Alichota pumba za mpunga kwenye kikapu, akazirusha majini kidogo kidogo, na perege wakaja juu kwa fujo wakigombania. Bwawa hilo lilikuwa la kikundi cha wanawake kumi na wawili wa kijiji cha Wingwi. Walilichimba wenyewe kwa majembe, wakabeba udongo kwa makarai vichwani mpaka shingo zikawauma. Mwenyekiti wao alikuwa Bi Mwatum, bibi yake Yumna.

Lakini mwezi ule wa Oktoba fujo ya perege ilikuwa imepungua. Pumba zilielea mpaka zikalowana na kuzama. Bi Mwatum alisimama ukingoni, mkono kiunoni.

"Hebu niambieni, samaki hawa wanakwenda wapi?" aliuliza, ingawa hapakuwa na mtu wa kumjibu ila mjukuu wake. "Mwizi hakuja. Ndege nawafukuza tangu alfajiri. Jamani, samaki wana miguu?"

Yumna alikung'uta kikapu, akashika njia ya skuli.

Jibu lilipatikana Ijumaa. Bi Masika, mwanachama mwenzao, alikuwa akiosha jembe ukingoni alipoona kichwa kipana cheusi kikiibuka, chenye sharubu ndefu kama za paka. Kikamdaka perege mmoja na kuzama naye. Bi Masika alipiga ukelele uliowatoa watu majumbani.

"Kambare!" alisema huku akihema. "Kambare mkubwa, Bi Mwatum! Kama mkono wangu huu!"

"Astaghfirullah. Kaingia vipi?"

"Si mafuriko ya masika? Maji ya bonde yalifika mpaka hapa."

Wote wakakubaliana kwamba ndivyo ilivyokuwa. Yumna, aliyekuwa nyuma yao, alitafuna ncha ya mtandio wake. Yeye peke yake alijua kwamba mafuriko hayakuleta kitu.

Mwezi wa Mei, mvua zilipokatika, maji ya bonde la mpunga yalirudi nyuma na kuacha vidimbwi. Katika kidimbwi kimoja, kisichozidi sahani kwa upana, Yumna aliwakuta kambare wadogo watatu, kila mmoja urefu wa kidole, wakitapatapa. Aliwaonea huruma. Pia aliwaza kwamba wakikua atawatoa Ramadhani na kumshangaza bibi yake kwa kitoweo cha futari. Akawabeba kwenye kopo, akawatia bwawani. Alijua fika kwamba siku bwawa lilipofunguliwa Bi Mwatum alitangaza mbele ya watu wote: "Asitie mtu kitu humu, hata jani, bila ya kikundi kujua."

Tangu hapo, kila kuku alipochinjwa nyumbani, Yumna aliomba akatupe utumbo. Aliutupa kwenye pembe ya bwawa, penye mwanya wa kuingizia maji. Aliwalisha kwa miezi mitano. Hakujua kwamba kambare akishakuwa mkubwa hashibi utumbo wa kuku mmoja kwa wiki.

Jambo lilikuwa zito kuliko alivyodhani. Bwana Nyange, bwana samaki wa wilaya, alikuwa ameahidi kuleta vifaranga elfu moja vya perege Alhamisi inayofuata. Bi Mwatum alipompigia simu kumweleza habari ya kambare, alijibu bila kuzunguka: "Mtoeni kwanza, Bi Mwatum. Nikimwaga vifaranga juu ya kambare, nitakuwa nimemwandalia karamu. Akiwa bado yumo Alhamisi, nitavipeleka kwa kikundi cha Konde. Nao wanasubiri."

Walipitisha wavu mara mbili. Kambare akalala kwenye tope, wavu ukapita juu yake. Kulikausha bwawa hakukuwezekana, kwani perege waliobaki wangehamia wapi?

"Niachieni mimi," alisema Haitham, kaka yake Yumna, kijana wa miaka kumi na tisa. Alikuwa na kisanduku alichopewa na rafiki yake anayefanya kazi hotelini Unguja. Mgeni mmoja alikisahau huko na hakukirudia. Ndani mlijaa vyambo vya bandia: samaki wa plastiki mwenye macho mekundu, chura wa mpira, na kijiko cha bati kinachong'aa. "Nimeangalia video kwenye simu, Bibi. Huyu kambare hamalizi saa moja."

Jumamosi alianza na samaki wa plastiki. Akamrusha, akamvuta haraka huku akitikisa fimbo ya kuvulia, samaki akakata maji kama aliye hai. Kambare hakuja. Akarusha tena, mara ishirini, mara thelathini. Mara ya mwisho samaki wa plastiki alinasa kwenye mgomba ng'ambo ya bwawa.

"Haitham," alisema Bi Mwatum, "wavua kambare au wavua ndizi?"

Jumapili ilikuwa zamu ya chura wa mpira. Haitham alimrukisha juu ya maji, chupwi, chupwi, na bata wa jirani akamfuata kwa hamu kubwa. Jumatatu ilikuwa zamu ya kijiko. Kila dakika tano alibadilisha chambo, na kila dakika kumi alihama mahali. Perege wachache waliobaki walikimbilia kona kwa hofu.

"Tulia basi mahali pamoja, kijana!" Bi Masika alipaza sauti. "Unatuchosha macho!"

"Kwenye video wananasa haraka," alinung'unika Haitham, shati limemganda mgongoni.

"Kwenye video hakuna tope la Wingwi."

Yumna alikaa ukingoni akiuma midomo. Alitamani kupiga kelele. Maji ya bwawa lao yalikuwa rangi ya chai ya maziwa. Kambare angemwona wapi huyo samaki mwenye macho mekundu? Kambare hatafuti chakula kwa macho, bali kwa harufu na kwa zile sharubu zake, akipapasa chini kwenye giza. Vitu vile vya Haitham vilitengenezwa kwa samaki wa maziwa ya mbali, wanaowinda kwa macho kwenye maji safi. Yumna aliyajua mambo ya kambare kwa sababu miezi mitano amewatazama wakija. Lakini akisema, ataulizwa amejuaje.

Jumanne jioni, siku zimebaki mbili, alishindwa kuvumilia.

"Kaka Haitham, toa hilo bati. Tia utumbo wa kuku kwenye ndoana, ufunge na kipande cha risasi uzame mpaka chini. Utupe pale penye mwanya wa maji. Halafu usiuguse."

"Nisiuguse? Sasa huo uvuvi gani?"

"Uvuvi wa kambare! Akidonoa, usivute. Subiri mpaka mshipi ukimbie. Mbona una kichwa kigumu hivyo?"

Haitham alicheka, lakini alikuwa amechoka, akafanya alivyoambiwa. Haikupita nusu saa. Mshipi ulitikisika, ukatulia, kisha ukakimbia. Haitham akavuta, akaburuzwa hatua mbili topeni, mpaka akamtoa kambare mnene, urefu wa mkono kutoka kiwiko hadi vidole, anayejipigapiga majanini.

Wanawake walipiga vigelegele. Bi Mwatum alisema alhamdulillah mara tatu, kisha akamgeukia mjukuu wake.

"Wewe umejuaje kama anataka utumbo, na tena pale penye mwanya?"

"Nimekisia tu, Bibi."

Bi Mwatum alimkazia macho. Yumna aliinamisha uso. Kambare mmoja ametoka, wamebaki wawili, na sasa kosa la kwanza lilikuwa limepata mwenzake, uongo.

Jumatano alipomwaga pumba, aliona mawimbi mawili mazito yakipita chini ya perege, kila moja na upande wake. Akajaribu kujiambia kwamba vifaranga ni vingi, vitabaki. Hesabu haikumkubalia. Siku nzima darasani aliandika na kufuta.

Alhamisi Bwana Nyange alifika na gari, akashusha mifuko ya plastiki iliyojaa maji na vifaranga vidogo kama mbegu za tikiti. Aliilaza mifuko ielee bwawani bila kuifungua.

"Tunasubiri robo saa," alieleza, "ili maji ya ndani yazoee joto la nje. Ukivimwaga ghafla vinakufa. Haya, Bi Mwatum, kambare ametoka?"

"Ametoka, Bwana Nyange. Tumeshamla na wali."

"Mna hakika alikuwa mmoja?"

"Tulimwona mmoja, tumemvua mmoja," alijibu Bi Masika.

Yumna aliitazama mifuko ikiyumba juu ya maji. Robo saa. Ilionekana ndefu, kisha ikaonekana fupi mno. Bwana Nyange alitazama saa yake, akachutama, akashika fundo la mfuko wa kwanza.

"Usifungue!" alisema Yumna.

Watu wote waligeuka.

"Wamebaki wawili," alisema. "Walikuwa watatu. Niliwatia mimi, mwezi wa Mei, walikuwa wadogo kama kidole. Nilikuwa nikiwalisha utumbo. Sikukisia, Bibi. Nilikudanganya."

Hapo kila mtu alisema kwa pamoja.

"Miezi mitano!" Bi Masika alijishika kichwa. "Tunapitisha wavu mpaka migongo inatuuma, na mtoto anatutazama tu!"

"Na mimi nimezunguka bwawa hili siku tatu kama mwendawazimu!" alisema Haitham.

Bi Mwatum hakupiga kelele, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Nilisema asitie mtu kitu humu," alisema polepole. "Nilisema hata jani. Kambare ni jani?"

"La, Bibi."

Bwana Nyange alitoa mifuko majini, mmoja mmoja. "Samahani, Bi Mwatum. Hivi leo vinakwenda Konde. Mkiwatoa hao wawili, nitaleta vingine baada ya wiki mbili. Nitakuja kukagua mwenyewe."

Gari liliondoka na vifaranga. Yumna alilia, lakini hakuna aliyembembeleza.

Kesho yake baada ya skuli Bi Mwatum alimkabidhi mshipi. "Uliwaingiza wewe, utawatoa wewe. Na ukimaliza kushika utumbo, nawa vizuri kabla ya kuja kuswali."

Kambare wa pili alinaswa siku hiyo hiyo kwa utumbo ule ule. Wa tatu alikuwa mjanja. Alikwishaona wenzake wakipotea. Alinyofoa utumbo pembeni, akaacha ndoana tupu. Siku ya tatu hivyo, siku ya tano hivyo. Yumna alitupa mshipi chini kwa hasira.

"Ananicheka, Bibi!"

"Hakucheki. Ameijua ndoana yako. Nawe ubadilishe, lakini ubadilishe kwa kufikiri, si kama Haitham na chura wake."

Yumna akafikiri. Alitafuta ndoana kubwa zaidi. Aliacha utumbo, akachukua kipande cha ng'onda, yaani samaki aliyekaushwa kwa chumvi, kinachonuka hadi nje ya jiko, akakiloweka kidogo na kukifunga kwa uzi ili kisinyofoke. Aliacha kuvua mchana wa jua, akaja baada ya alasiri, maji yanapoanza kuwa meusi. Na alikaa. Mbu walimuuma, miguu ilimfa ganzi, naye akakaa. Bi Mwatum alikaa karibu naye na tasbihi yake, akimwambia mara moja moja: "Usivute bado."

Siku ya kumi na moja mshipi ulidonolewa mara nne. Yumna aliushika tu mshipi, asivute. Mara ya tano mshipi ulikimbia. Akavuta kwa nguvu zote, Haitham akaja mbio kumshika kiuno, na kambare wa tatu, mkubwa kuliko wote, akatua majanini. Mwiba wa pezi lake ulimchoma Yumna kidole, damu ikatoka, naye alicheka huku akilia.

Bwana Nyange alirudi siku aliyoahidi. Alipitisha wavu wake mwenyewe mara tatu, akapita topeni akichokoa kwa mti mrefu, akaridhika. Mifuko ikalazwa majini, na safari hii wanachama wote kumi na wawili walikuja kushuhudia. Wakati wa kusubiri, Bi Masika alimsukuma Yumna kidogo begani. "Bado nina hasira nawe kidogo," alisema, "lakini ile ng'onda ilikuwa akili."

Bi Mwatum alimwita mjukuu wake karibu, akasema kwa sauti ya kusikiwa na watoto wote waliokuja kutazama.

"Sikiliza, Yumna. Kuwaonea huruma samaki kidimbwini halikuwa kosa. Kosa ni kuficha, kwa kuwa ulipoficha, kosa dogo la kidole ulilifuga na kulilisha mpaka likawa na mdomo wa kumeza jasho la wanawake kumi na wawili. Ungeniambia siku ya kwanza, ningekugombeza kidogo na tungewatoa kwa kopo. Ungenyamaza siku ile ya vifaranga, tungevipoteza vyote na tusingejua kwa nini. Ulisema ukiwa umechelewa, mbele ya watu, na ukalipa kwa siku kumi na moja za mbu. Haya, nimekusamehe. Ila kuanzia leo, ukikosea, njoo kwangu kosa likiwa bado dogo. Mwenyezi Mungu anakuona tangu mwanzo. Mimi ndiye ninayehitaji kuambiwa."

"Nitakuambia, Bibi. Inshaallah."

"Si inshaallah ya kunipoza. Utaniambia."

"Nitakuambia."

Robo saa ilitimia. Bwana Nyange alilegeza mafundo, na vifaranga elfu moja vikamwagika bwawani kama kivuli, vikatawanyika chini ya maji.