Uzi wa Bluu Nyuma ya Jani

Kila asubuhi kabla ya kuvaa sare, binti mmoja wa darasa la sita alichota maji nusu ndoo, akazunguka nyuma ya nyumba kuukagua mmea wake wa maboga. Aliinua majani, akahesabu maua, akatafuta nyayo kwenye udongo. Nyumbani na shuleni walimwita Inspekta, na jina lilimkaa vizuri. Kalamu ikipotea darasani, yeye alikuwa na washukiwa watatu kabla mwenye kalamu hajatazama chini ya dawati.

Safari hii alikuwa na sababu ya kukosa raha. Mbegu ya boga lile ilikuwa ya bibi yake, aliyeipanda mwaka baada ya mwaka tangu mama yake Inspekta hajazaliwa. Msimu huu panya walitoboa mfuko, zikabaki mbegu tatu. Mbili hazikuota. Magoti ya bibi nayo yalikuwa yamegoma, kushuka ngazi za nyuma kulimtesa, kwa hiyo alimkabidhi mjukuu wake mmea pekee uliobaki.

"Wewe mwagilia tu," bibi alimwambia. "Usiuguseguse. Huu usipozaa, mbegu yetu ndiyo imekwisha."

Mmea ulistawi, ukatambaa hadi kwenye uzio, ukachanua maua makubwa ya manjano. Lakini vijiboga vilivyotokea chini ya maua, vidogo kama gololi, viligeuka njano na kudondoka kimoja kimoja. Vilipofika vitano, Inspekta alisimama akashika kiuno.

"Hapa kuna mkono wa mtu," alijisemea.

Hakwenda mbali kumtafuta. Mlango uliotazamana na mmea ulikuwa wa Mama Pini, fundi cherehani, jirani waliyepanga naye nyumba moja. Binti yake, Pini, alikaa dawati moja na Inspekta na walikwenda shule pamoja kila siku. Lakini Mama Pini aliamka mapema mno, jua halijatoka yuko nje. Kwa nini? Mafundi wengi huamka mapema kazi zikiwazidia. Ila ukishaamua kumshuku mtu, hata akipiga chafya utaona ana lake jambo.

Inspekta akaamua kuchukua hatua, na hakumwambia bibi. Shuleni alikuwa amekariri sehemu za ua: sepali, petali, stameni, pistili. Mchoro wa kitabu ulizionyesha zote ndani ya ua moja, na mtihani wake alipata kumi kwa kumi. Sasa mbele yake aliona maua ya aina mbili. Mengine yalikuwa na kijiboga chini yake. Mengine yalisimama juu ya vikonyo virefu vyembamba, chini hayana kitu. Haya ya pili aliyahesabu kuwa mabovu, yanakula chakula cha mmea bure. Kila jioni aliyachuma yakiwa bado yamefumba, akayatupa kwenye pipa la takataka karibu na bomba. Yale yenye vijiboga aliyafunika kwa vipande vya chandarua kikuukuu, akayafunga kwa kamba ya katani, fundo juu ya fundo.

Asubuhi moja Mama Pini alimkuta akifunga.

"Mwanangu, mbona maua umeyavika shela?"

"Ili wezi wasiyaguse," alijibu Inspekta, akimtazama vidole.

"Lakini ukiyafunika hivyo, hayata..."

"Nachelewa shule. Shikamoo, Mama Pini." Akaondoka. Moyoni alisema mwizi siku zote huchukia kufuli.

Vijiboga viliendelea kudondoka. Ikaja wiki ya mitihani, Inspekta akawa anamwagilia maji mbio mbio na kukimbia. Jumamosi ndipo alipokagua kwa utulivu. Kwenye ncha ya mmea, nyuma ya jani pana, aliona chandarua kimoja kikiwa kimefungwa kwa uzi wa bluu. Mafundo yake yalikuwa mawili madogo, nadhifu. Hayo hayakuwa yake.

Hakutazama kitu kingine, alikwenda moja kwa moja kibarazani kwa fundi. Kwenye cherehani kulikuwa na kibiringo cha uzi wa bluu. Kando yake kulikuwa na glasi ya maji, na ndani ya glasi maua mawili ya maboga. Yale aliyoyatupa jana yalikuwa yamefumba. Haya yalikuwa wazi kabisa. Mama Pini alikuwa akimpima mteja mabega, na vidole vyake vilikuwa na unga wa njano.

"Mwizi!" Inspekta alipiga kelele. "Mama Pini ndiye mwizi wa maboga ya bibi! Tazameni vidole vyake!"

Mteja aliyekuwa akipimwa alimtazama fundi, akatazama kitambaa chake, akakichukua. "Nitapita siku nyingine," alisema, akatoka.

Pini alisimama mlangoni, ameshika kopo la vifungo. "Umemwita mama yangu nani?"

Kabla Inspekta hajajibu, walisikia fimbo ikigonga sakafuni. Bibi alikuwa anashuka ngazi, moja baada ya moja, mkono mmoja ukutani. Hakuna aliyethubutu kumsaidia.

"Nimesikia mashtaka," alisema akihema. "Sasa nioneshwe ushahidi."

Alipitia kwanza kwenye mmea, akachungulia vikonyo, ndipo akaketi kwenye kigoda cha fundi, akaomba ua moja la kwenye glasi. Kisha akamtuma Inspekta kuokota ua lililodondoka na kijiboga chake. Akayapasua yote mawili kwa kucha.

"Hili la kikonyo chembamba ni dume. Katikati lina nini?"

"Stameni," alisema Inspekta. "Na huo unga ni chavua."

"Na hili jike?"

Inspekta aliinama akatazama. Hakukuwa na stameni. "Lina pistili. Juu ni stigma. Hiki kijiboga ni... ni ovari."

"Haya, msomi. Chavua ya dume isipofika kwenye stigma ya jike, ovari haiwi boga. Itageuka njano, itadondoka. Anayeibeba ni nyuki. Nyuki akija kwako anakuta nini?"

Inspekta alitazama uzio. "Chandarua."

"Na madume yenyewe yako wapi? Nimechungulia mmea mzima sijaona hata moja. Vikonyo vyote vimekatwa kwa kucha. Nani kayachuma?"

Hakuna aliyemwona akichuma, Inspekta alijua hilo. Angeweza kunyamaza tu, lawama zikabaki zilipo. Alitazama kucha ya dole gumba lake, ilikuwa bado na rangi ya kijani. Kisha aliona macho ya Pini yamejaa machozi, na aibu ikamchoma.

"Ni mimi, bibi. Nilidhani hayana kazi. Nilikuwa nayatupa kwenye pipa."

"Nami nimekuwa nikiyaokota," alisema Mama Pini taratibu. "Ukiliweka kwenye maji jioni, asubuhi linachanua. Nikafungua chandarua kimoja, nikapaka unga, nikafunga tena kwa sababu mwenyewe ulitaka kifungwe. Nilijaribu kukueleza. Ukanipa shikamoo ukaenda zako."

Walikwenda wote hadi kwenye uzio. Inspekta alifungua uzi wa bluu mwenyewe. Ndani kulikuwa na boga la ukubwa wa ngumi, kijani, gumu, linang'aa. Asubuhi ile alikuwa ameutazama uzi, hakutazama ulichofunga.

"Nisamehe, Mama Pini," alisema.

"Umemchafua mbele ya watu," bibi alisema. "Na mmoja keshaondoka."

Inspekta alielewa. Alikimbia hadi mtaani bila viatu, akamkuta yule mteja karibu na duka la mkate. Ilimwia vigumu kuliko mtihani wowote. "Mama, nilichosema si kweli. Mwenye kosa ni mimi. Nakuomba urudi." Yule mama alimtazama miguu isiyo na viatu, kisha akageuka kurudi kwa fundi na kitambaa chake.

Pini hakusema naye siku nne. Siku ya tano alimsogezea kifutio bila kumtazama, na Inspekta alikipokea kwa mikono miwili.

Boga lilikomaa likawa kubwa kuliko sufuria ya bibi. Siku ya kulipasua, Mama Pini na Pini waliitwa. Bibi aliosha mbegu, akazianika, akazigawa mafungu mawili. Moja alimpa fundi.

"Mjukuu wangu," alisema, "macho ya kukagua unayo, na ni mazuri. Lakini uliyatumia kumtafuta mkosaji kabla hujajua kosa lenyewe. Siku nyingine ukiona jambo limeharibika, uliza kwanza linafanyaje kazi. Halafu anza kukagua mikono yako mwenyewe."

"Ndiyo, bibi."

Inspekta alifunga fungu lao kwenye kitambaa safi. Kisha akavuka ua kwenda kwa Mama Pini, akamwomba uzi wa bluu wa kulifungia.