Maji ya Myamba Hayachemshwi

Stendi ya Same saa nne asubuhi haina adabu. Mabasi ya Arusha yanapiga honi, wauza karanga wanagonga madirisha, na vumbi linamkalia kila mtu bila kuuliza ukoo wake. Hapo ndipo gunia la tangawizi la Vitus lilipopasuka, vipande vikatawanyika hadi miguuni kwa msichana aliyevaa gauni la kitenge cha njano, mkononi ana chupa ya maji ya dukani.

Vitus akainama kuokota, akainua macho, akasahau alichokuwa anaokota.

"Kaka, tangawizi zako ziko chini, siyo usoni kwangu."

"Samahani, dada. Naitwa Vitus." Akanyoosha mkono uliojaa udongo wa shamba.

Msichana akautazama ule mkono kama trafiki anavyotazama leseni iliyoisha muda. "Safisha kwanza."

"Unanionea kinyaa?"

"Ni kazi yangu. Mimi nesi, wodi ya watoto njiti. Mikono kama hiyo ndiyo tunayopigana nayo kila siku." Akatoa kitakasa mikono mkobani, akamdondoshea viganjani. "Sugua mpaka katikati ya vidole. Haya. Mimi naitwa Careen."

Vitus alisugua kwa bidii kuliko alivyowahi kusugua kitu chochote. Wakacheka. Careen akanywa fundo la maji yake na kulalamika kwamba ya bombani hapa mjini yana chumvi, hata chai anainywa kama dawa, na kwao Kighare, kule Ugweno, hakuzoea mambo hayo.

"Basi subiri Jumanne," Vitus alisema. "Nitakuletea maji ya kwetu Myamba, chemchemi ya babu yangu. Ukiyanywa utaisahau Ugweno."

"Niyachemshe dakika ngapi?"

Vitus akashika kifua kama aliyechomwa mwiba. "Kuchemsha! Maji ya Myamba hayachemshwi. Ni kuyatukana. Babu ameyanywa miaka tisini, hajalazwa hata siku moja."

Jumanne dumu la lita ishirini likafika, kwenye kirikuu, kile kigari chake kidogo cha mizigo kilichokuwa kinashusha tangawizi mjini kila wiki. Jumanne iliyofuata likafika tena. Madumu yalikuwa mawili ya kupokezana: Vitus aliacha lililojaa, akachukua tupu, akalijaza chemchemini, akalirudisha, na kila lilivyorudi mapenzi nayo yaliongezeka. Careen aliliweka kwenye chumba cha manesi, akawaringia wenzake. Wenzake wakambatiza jina: Mke wa Maji.

"Umekunywa leo?" Vitus aliuliza kwenye simu.

"Nimekunywa, mpenzi."

"Bila kuchemsha?"

"Bila kuchemsha. Nikifa umenioa marehemu."

"Ukifa nakufuata. Mama anauliza posa tulete lini?"

Miezi minne baadaye posa ikapangwa, Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Mama yake Vitus alishanunua vitenge vya kwenda navyo Kighare. Vitus alikuwa anaimba anapoendesha, naye hajui kuimba.

Ghafla Careen akaacha kupokea simu.

Ijumaa simu iliita mpaka ikakata. Jumamosi vilevile. Jumapili alipokea, sauti imekauka. "Vitus, wodini kuna matatizo. Watoto wanaumwa. Nitakupigia."

"Siku tatu? Au kuna daktari mwenye gari la maana kuliko kirikuu?"

Careen akakata. Vitus akabaki na wivu wake, na wivu haukosi la kumwambia mtu.

Jumanne alishuka na dumu lake na maneno makali aliyoyapanga njia nzima. Getini mwa hospitali akakuta mama kijana wa kifugaji, shanga shingoni, amepakata kitu kidogo kilichofungwa kwenye kanga. Mumewe alikuwa anabishana na dereva wa teksi aliyekataa kubeba maiti. Maneno makali yote yakamwisha Vitus.

"Mnaelekea wapi, kaka?"

"Tambarare ya huku Same, upande wa Ruvu," mwanamume alijibu.

"Pandeni. Nitawafikisha."

Mume alikaa nyuma kwenye magunia matupu. Mama, aliyesema anaitwa Naanyu, alikaa mbele na mwanawe mapajani. Jua lilikuwa kali na barabara mbaya. Baada ya mwendo mrefu akaomba maji, kwa sauti ndogo, kama anayeomba samahani. Vitus akasimamisha gari, akammiminia kikombe kutoka kwenye dumu la Careen. Naanyu akakinywa chote.

"Matamu," alisema. "Yametoka wapi?"

"Kwetu Myamba, dada."

"Mungu akubariki. Na yule nesi wetu, Careen, naye ambariki. Alimshika mwanangu mpaka mwisho. Alilia kuliko mimi."

Vitus aliona aibu kwa maneno yake ya Jumapili. Akaapa moyoni kwamba akirudi atapiga magoti.

Careen alimwita mwenyewe wiki iliyofuata. Walikutana nyuma ya hospitali, kwenye benchi la wanaosubiri wagonjwa. Hakuwa na sare. Alivaa dera jeusi na amekonda, na Vitus alipotaka kumshika mkono aliurudisha mapajani.

"Kaa, Vitus. Usiseme kitu kwanza. Mashine ya oksijeni ina kichupa cha maji. Hewa inapita humo isije ikawakausha watoto pua. Yale maji lazima yachemshwe. Jumanne ile kabla watoto hawajaanza kuumwa, umeme ulikatika, jenereta likawasha mashine tu, na yaliyochemshwa yalikuwa yameisha. Watoto watatu walikuwa kwenye hewa. Nikamimina ya kwenye dumu."

"Ya dumu langu?"

"Wataalamu walikuja, wakachukua sampuli kwa pamba kila mahali, mikononi mwetu, mabombani, vitandani. Wameotesha vimelea. Vimeota sehemu mbili, kwenye kichupa na kwenye dumu lako. Ndani lilikuwa na utelezi. Miezi minne tunalijaza, hakuna aliyelisugua. Mimi na wewe tunakunywa, tumbo linashinda. Mtoto wa kilo moja na robo anashinda na nini?"

"Wangapi?"

"Wawili. Wa tatu amepelekwa Moshi, hatujaambiwa hali yake."

"Mtoto wa Naanyu…"

"Umemjuaje Naanyu?"

Vitus akamweleza, gari, jua, kikombe. Careen akafunika uso.

"Alikunywa?"

"Alikunywa. Akasema matamu. Akakuombea baraka."

Careen alilia bila sauti, mabega yakitikisika. Vitus akasimama. "Naenda kwa mganga mfawidhi. Nitasema ni mimi. Dumu ni langu."

"Wewe hukugusa kichupa. Nimeshaandika maelezo yangu. Nimeandika kwamba nilijua, na nikamimina. Wamenisimamisha, nasubiri baraza la wauguzi. Ila kumwambia yule mama uso kwa uso, hilo nimeshindwa."

"Kwa nini, Careen? Wewe, uliyenisafisha mikono mbele ya stendi nzima?"

"Nilisimama na dumu mkononi nikasikia sauti yako. Maji ya Myamba hayachemshwi. Nikatabasamu, Vitus! Siku ile sikufikiri kama nesi. Nilifikiri kama mkeo."

Vitus akakaa tena benchini. Akasema alichokuwa nacho. "Tuoane hivyohivyo. Mzigo huu tutaubeba wote wawili."

"Kila utakaponiwekea maji mezani nitamwona yule mtoto. Na wewe utaniona namwona. Mwambie mama asilete posa." Akasimama. "Nilikupenda sana. Hilo usilitilie shaka."

Kesho yake akapanda basi la kwenda kwao. Simu yake haikupatikana tena.

Sasa Vitus huchemsha maji. Mama yake alimgombeza kwa Chasu, Kipare chao, mbele ya majirani, kwamba anamtukana babu yake na chemchemi yake. Vitus akaongeza kuni. Dumu lililobaki alilikata vipande, akanunua chupa ndogo ambazo mkono unaingia ndani na kusugua.

Jumanne moja pale stendi, katikati ya honi na vumbi, mtu akamgusa bega. Alikuwa Naanyu, amekuja mnadani.

"Kaka wa maji! Unayo leo? Tangu siku ile sijaonja maji kama yale."

Vitus akampa chupa. Naanyu akanywa, akaiondoa mdomoni, akaitazama.

"Leo hayana utamu. Umeyafanya nini?"

"Nimeyachemsha, dada."

"Kwa nini?"

Angeweza kudanganya. Lakini alimkumbuka Careen kwenye benchi, akaanza na dumu, akaja kwenye utelezi, kichupa, umeme uliokatika. Alieleza akiwa amesimama, na hakujitetea. Naanyu alisikiliza mpaka mwisho. Alifunga kifuniko taratibu, akaiweka chupa chini karibu na gurudumu la kirikuu, akaondoka akipita katikati ya watu bila kugeuka.

Vitus akakaa ndani ya gari, akamwandikia Careen ujumbe. "Nimemwambia." Akautuma Kighare.

Ikatokea tiki moja, ya kutumwa, siyo ya kufika. Mpaka leo ni moja.