Sahani ya Kavutha

Tak. Tak-tak. Tak.

Jogoo wa jirani alikuwa bado hajawika Kavutha aliposikia mbaazi zikidondoka ndani ya sufuria. Nyanya yake, ambaye nyumbani humo aliitwa Susu kama Wakamba wamwitavyo bibi, alikuwa ameketi kwenye kigoda karibu na mlango akichambua mbaazi gizani. Hakuhitaji taa. Vidole vyake vilijua ipi ni mbaazi na ipi ni changarawe.

Kavutha alivuta pumzi. Kifua chake kikajibu kwa mluzi mwembamba.

"Umeamka, mwanangu?" Susu aliuliza.

"Nimeamka, Susu. Hizo mbaazi ni za nani?"

Vidole vya Susu vikasita. "Ni zangu na mama yako."

"Na mimi je?"

Susu akarudi kwenye mbaazi zake. Kulipokucha, Mama alimwekea Kavutha chai ya rangi yenye sukari nyingi na vipande vya mkate mweupe, kisha akaharakisha kwenda kazini kwenye shamba la maua. Kavutha aliutazama ule mkate kama mtu anayemtazama adui yake wa siku nyingi.

Mambo yalianza mwanzoni mwa mwaka, Kavutha alipolazwa kwa ugonjwa wa pumu. Katika ploti yao ya nyumba za kupanga pale Kitengela milango inatazamana, na mtoto akiugua katika nyumba moja, nyumba zote huja kumjulia hali. Majirani walikuja kwa upendo, tusiwasingizie. Hawakuja mikono mitupu. Huyu alileta soda, yule mkate, mwingine biskuti. Lakini pamoja na zawadi, kila mmoja alileta onyo.

Mama Roy wa nyumba ya pili alisema maziwa hujaza makohozi kifuani. Mzee mmoja wa kanisa akasema mayai ni mazito mno kwa mgonjwa. Mwingine akakataza ndizi na maparachichi, eti ni vyakula baridi. Mwingine akaondoa maharagwe na mbaazi, eti hujaza hewa tumboni na kuyasukuma mapafu. Hata dawa ya kuvuta kila asubuhi na jioni, aliyopewa hospitalini, haikupona. "Ataizoea," waliambiwa, "halafu mapafu yawe mavivu."

Mama alikuwa na hofu. Mtoto wako akizidiwa, nani angependa kuambiwa, "Si tulikuonya?" Basi akatii yote. Kila mgeni akawa anaondoka na chakula kimoja cha Kavutha, mpaka sahani ikabaki na mkate, wali mtupu na viazi vya kukaanga. Soda haikukatazwa na mtu yeyote, kwa maana soda ndiyo waliyokuja nayo.

Siku hiyo shuleni, Mwalimu Wasike alikuwa akichagua timu ya mbio za kupokezana vijiti, itakayokwenda kushindana mjini Kajiado. Kavutha aliwahi kuwa msichana mwenye mbio kuliko wote katika Gredi ya Sita. Akajipanga kwenye mstari bila kumwomba mtu ruhusa.

"Aki, hata Filimbi yuko kwa laini!" akapaza sauti mvulana aitwaye Lennox. Filimbi ndilo jina walilompa kwa sababu ya kifua chake.

"Bila filimbi hakuna mbio inayoanza," Kavutha akamjibu. "Wewe funga viatu vyako usije ukaanguka."

Watoto wakacheka, na safari hii hawakumcheka yeye. Mwalimu Wasike akamsogelea. "Kavutha, uko na uhakika?"

"Niko na uhakika, mwalimu. Nimechoka kukaa kivulini."

Walipoanza, aliwaacha wenzake nyuma hadi kwenye kona. Hapo miguu ikalegea kama ugali ambao haujaiva. Kifua kikabana. Akajaribu kuvuta hewa, lakini ilikuja kidogo tu, kama maji ya mfereji siku ya uhaba. Akapiga magoti vumbini.

Aliyekuwa wa kwanza kutimua mbio alikuwa Lennox. Hakukimbilia kwenye utepe wa mwisho. Alikimbia hadi darasani, akarudi na mkoba wa Kavutha, akaitoa inhela ya buluu, ile pampu ndogo ya kuvutia dawa, akampa mwalimu. Mwalimu alimketisha wima na kumsaidia kuivuta dawa polepole. Lennox alibaki hapo akishika chupa ya maji, wala hakulitaja jina la Filimbi.

Alipopata nafuu, mwalimu akamwambia, "Nafasi yako nitaishikilia kwa muda. Daktari akisema unaweza, utakwenda Kajiado. Akikataa, nitampa mwingine."

"Atasema naweza," Kavutha akasema kwa sauti iliyokwaruza.

Mwalimu alimpeleka hospitalini, na Mama na Susu wakawakuta huko. Daktari Nalianya, mwanamke mnene mwenye sauti ya taratibu, alimpima Kavutha, kisha akamwomba avue sweta yake ya shule.

"Ingiza mkono kwenye huu mkono wa sweta," alisema. Mkono ukapita bila shida. Kisha daktari akachukua kitambaa cha Susu, akakisokomeza ndani ya ule mkono wa sweta. "Haya, ingiza tena."

Mkono wa Kavutha ukakwama katikati.

"Hiyo ndiyo pumu," daktari akasema. "Njia za hewa zimevimba kwa ndani, hata siku ambayo unajiona mzima. Dawa ya buluu inazifungua kwa muda ukibanwa. Ile ya kila siku ndiyo inayotuliza uvimbe. Iko wapi?"

Mama aliinamisha kichwa. "Juu ya kabati, daktari. Tuliambiwa ataizoea."

"Haileti mazoea mabaya, mama. Mkiiacha, uvimbe unarudi. Na mtoto anakula nini?"

"Mkate!" Kavutha akadakia kabla ya mtu mwingine kujibu. "Mkate, soda na viazi. Vingine vyote wageni wamevimaliza kwa midomo, na hata hawakuvitia chumvi!"

"Kavutha!" Mama akamkemea. Lakini daktari alicheka hadi akafuta macho.

"Mboga za majani, matunda, maharagwe, samaki," alisema, "hivyo huusaidia mwili kuutuliza uvimbe na kujijenga. Soda na vyakula vya kukaanga kila siku huuelemea mwili, na kwa watu wengi huuchochea uvimbe. Ni kweli kuna watoto ambao chakula fulani huwadhuru. Wakila, midomo inavimba, au ngozi inatoka vipele, au kifua kinabana papo hapo. Huyu amewahi kuona hayo?"

"Hapana," Susu akasema. "Amelelewa kwa maziwa na mbaazi."

"Basi mrudishieni chakula chake. Lakini mnisikie vizuri. Sukuma wiki haiwezi kufanya kazi ya dawa, na dawa haiwezi kufanya kazi ya sukuma wiki. Anahitaji zote. Na jiko la makaa liwashwe nje, moshi usiingie anapolala."

"Na kukimbia?" Kavutha akauliza. Hilo ndilo alilokuwa akilisubiri.

"Tumia dawa kila siku, upashe mwili moto kabla ya mbio, inhela iwe karibu. Rudi nikupime tena. Ukiwa umetulia, kwa nini nikuzuie?"

Jumapili baada ya kanisa, wageni walikuja kama kawaida na mifuko yao. Susu alikuwa amepika isyo, mahindi na mbaazi zilizochemshwa pamoja, na kando akaweka kunde na vipande vya parachichi. Alimpakulia Kavutha sahani iliyojaa, mbele ya watu wote.

Mama Roy akasimama. "Weka hicho kijiko chini, Kavutha! Mama Kavutha, unaona? Mbaazi na parachichi kwa mtoto wa pumu!"

Mkono wa Mama ukainuka, ukaelekea kwenye sahani. Kavutha akaishika sahani kwa mikono yote miwili.

"Mama, usiiondoe."

"Kavutha, uwe na heshima."

"Ninawaheshimu wote, Mama. Lakini kifua ni changu na njaa ni yangu. Nitakula."

"Jamani, mnamsikia?" Mama Roy akauliza. "Na akizidiwa, mlango utakaogongwa ni wa nani? Si ni wangu?"

Ilikuwa kweli. Mwanzoni mwa mwaka, Mama Roy ndiye aliyembeba Kavutha mgongoni hadi barabarani kutafuta gari, akiwa miguu mitupu. Mama alimtazama jirani yake, akamtazama binti yake. Kisha mkono wake ukashuka. Akachukua kipande kingine cha parachichi, akakiongeza kwenye sahani.

"Kula, mwanangu," alisema. Akamgeukia Mama Roy. "Ulimbeba mtoto wangu mgongoni, na sitasahau hadi nizikwe. Lakini kwa hili nimemsikia daktari kwa masikio yangu mwenyewe. Hapa sitasonga."

Mama Roy akachukua mkoba wake, akatoka bila kuaga. Kavutha alikula hadi punje ya mwisho, wageni wakimtazama kama watu wanaongojea bomu lilipuke. Halikulipuka.

Tangu siku hiyo dawa ya kila siku ilishuka kutoka juu ya kabati. Kavutha aliivuta asubuhi na jioni, kisha akasukutua mdomo kwa maji kama daktari alivyomwelekeza. Mwanamke wa Kimaasai auzaye maziwa alianza tena kusimama mlangoni mwao. "Supa!" alisalimu. "Ipa!" Susu akajibu, akiyapokea maziwa ya kuchemsha. Pumu haikutoweka kama uchawi. Siku ambazo upepo ulipeperusha vumbi la barabara, kifua bado kilibana. Lakini mluzi ulipungua, na miguu ikapata nguvu. Daktari Nalianya alimpulizisha kwenye kipimo cha pumzi, akatazama, akatikisa kichwa kwa kuridhika. "Nenda kakimbie," alisema.

Kajiado kulikuwa na jua kali na watoto wengi. Lennox alikimbia mkondo wa pili, akaja akihema na kijiti mkononi. "Kimbia, Kavutha! Kimbia!" alipiga kelele. Kavutha akakipokea kijiti, akakimbia kwa hasira zote za ule mkate mweupe. Alimpita msichana mmoja, akampita mwingine, akakitia kijiti mkononi mwa mwenzake wa mwisho. Timu yao ikawa ya pili.

Jioni alifika nyumbani akirukaruka. "Nimewaonyesha, Susu! Laiti Mama Roy angekuwepo ashikwe na aibu!"

Susu alimvuta karibu. "Ulisimama imara, na nimefurahi. Neno linalohusu mwili wako usilimeze kwa sababu limesemwa na wengi. Uliza anayejua, na ukishajua, simama hapo hata ukibaki peke yako. Kula vyema, tumia dawa yako, usione haya. Lakini kukataa neno la mtu si kumkataa mtu. Yule mama alikubeba akiwa miguu mitupu. Shika hii, umpelekee." Akampa sahani ya isyo iliyofunikwa.

Kavutha alinuna kidogo, lakini akaenda. Mama Roy alifungua mlango nusu.

"Umekuja kunicheka?"

"Hapana, anti. Nimekuletea chakula."

Mama Roy aliitazama sahani, kisha akainama na kutega sikio kifuani pa Kavutha. "Hebu pumua nisikie." Kavutha akapumua. Mama Roy akasikiliza kwa muda mrefu.

"Kumetulia," alisema polepole. "Nilikuwa na mdogo wangu. Alikufa kwa kifua, nami asubuhi hiyo nilikuwa nimemnywesha maziwa. Tangu wakati huo, nikiona mtoto wa pumu na kikombe cha maziwa, moyo wangu unakimbia."

Kavutha alikuwa amekuja na majibu makali tayari mdomoni. Hayakutoka. "Daktari anasema si kila mtoto anadhuriwa na maziwa, anti," alisema kwa upole. "Pengine ni kifua tu kilichokuwa kimevimba. Haikuwa wewe."

Mama Roy alijifuta macho kwa pembe ya leso, akamkaribisha ndani. Alikula isyo, akauliza habari za Kajiado, na Kavutha akamweleza kila kona ya ule uwanja. Giza lilipoanza kuingia, Mama Roy aliosha sahani, na kwa kuwa sahani ya jirani hairudishwi tupu, akaweka papai bivu ndani yake. Akamsindikiza hadi mlangoni.

"Kesho ukitoka shule pitia tena, mwanangu," alisema. "Hujanimalizia habari za zile mbio."