Darubini Iliyoelekea Kilimani

Maiti ilikutwa imelala kifudifudi chini ya mikoko, uso ndani ya maji yasiyofika hata magotini. Khori, mkono ule mdogo wa bahari, ilikuwa kimya. Ng'ambo, heroe, ndege wale wa miguu mirefu, walikula bila wasiwasi.

Inspekta Harub wa polisi ya mji wa Sur alichutama, akalitazama jiwe lenye damu, kisha akawatazama watu watatu waliosimama kando ya magari mawili. Hakuna aliyemkaribia mwenziwe.

Walitoka Nizwa, mji wa bara, alfajiri kuja kutazama ndege wanaohamia pwani hii msimu wa baridi, kabla hawajarudi kwao kaskazini. Marehemu, Hood, mwalimu mstaafu, ndiye aliyewaongoza. Alikuja na binti yake Tufool, mchumba wa Tufool aitwaye Badar, na jirani yao Bi Shukriya. Wote walikuwa Waarabu wenye asili ya Unguja. Harub, ambaye wazee wake walitoka Pemba, aliwahoji kwa Kiswahili.

"Shikamoo, Bi Shukriya."

"Marahaba, mwanangu. Masikini, kateleza. Mawe haya yana utelezi."

"Ulimwona akiteleza?"

"La."

"Mara ya mwisho ulimwona wapi?"

"Pale kwenye darubini yake. Mara kaiacha, kaondoka mbio, hakusema neno."

"Alikuwa na hasira?"

Bi Shukriya alimtupia jicho Tufool, akapunguza sauti. "Waligombana garini, yeye na bintiye. Miye nilinyamaza."

Tufool hakukana. "Ni habari ya harusi. Baba alitaka tungoje. Alisema yeye bado hajamjua Badar vizuri."

"Alipoondoka, ulimfuata?"

"Unanishuku miye? Yule baba yangu!"

"Namshuku kila aliyekuwepo hapa."

Badar alijibu kabla hajaulizwa. "Mimi nilikuwa upande wa pili, napiga picha za heroe."

"Nionyeshe."

"Kamera iliishiwa chaji."

"Kabla ya picha ya kwanza?"



Harub aliiendea darubini. Ilisimama kwenye miguu yake mitatu, haijaguswa. Heroe walikuwa kushoto, lakini darubini ilielekea kulia, kwenye kilima kikavu. Akainama, akaweka jicho bila kuishika. Katikati ya mawe kitu kilipapatika, kikatulia, kikapapatika tena palepale.

Alimtuma Sajini Wiam, msaidizi wake, apande kilimani. Sajini alirudi ameshika njiwa hai aliyefungwa kwenye kigingi, mgongoni amevishwa vitanzi vya nailoni.

"Mtego wa kozi, ndege wa kuwindia," Wiam alisema. "Kozi akimrukia njiwa, kucha zinanasa. Wanauzwa ghali, lakini kuwatega ni marufuku, afande."

Harub akaomba funguo za magari. Ndani ya buti la gari la Badar palikuwa na tundu tupu la ndege, manyoya ya kijivu, na kinyesi kibichi.

Daktari wa polisi, aliyekuwa akiikagua maiti ufukoni, alimwita inspekta pembeni. "Ona povu hili puani. Pigo halikumuua. Alizama akiwa hai. Uchunguzi wa maiti utathibitisha."

Harub alirudi kwa Badar. "Mzee Hood aliona nini kwenye darubini?"

"Sijui."

"Njiwa wako alitoka kwenye tundu lako. Aliona nini?"

"Aliniona mimi. Nilipokuwa nashuka tukakutana hapa kwenye mikoko. Akasema, 'Nakushtaki, na binti yangu humwoi.' Akanipa mgongo. Wallahi, nilimsukuma tu."

"Akaangukia jiwe."

"Ndiyo."

"Alikuwa akipumua?"

Badar akageuka kuyatazama maji.

"Badar. Alikuwa akipumua?"

"Alikuwa anatoa mapovu majini. Nilitaka kumwinua. Kisha nikafikiri, akizinduka, Tufool namkosa. Nikaondoka."

Tufool alikuwa amesimama nyuma yao. Hakuna aliyemsikia akija.

"Nilikuuliza baba yuko wapi," alisema. "Ukaniambia, kaa, anafuata ndege. Ukanimiminia kahawa. Saa ile alikuwa hai?"

"Tufool, nilifanya kwa kukupenda."

"Alikuwa hai?"

"Sijui."

Wiam alimtia Badar pingu, akamwongoza kwenye gari la polisi. Bi Shukriya alinyoosha mikono amshike msichana, lakini Tufool alimpita. Akaingia matopeni na viatu vyake, mpaka pale watu wa gari la wagonjwa walipokuwa wakimwinua baba yake, akashika pembe moja ya machela.

Mmoja wao alitaka kumwondoa. Harub akatikisa kichwa.

"Mwacheni," alisema, naye akashika pembe ya pili.